Kofia, Bibi Kizee na Daftari la Ukaguzi

Katika daftari langu la ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha umo ukurasa mmoja nisioupenda. Tarehe imeandikwa, somo limeandikwa, Kiswahili, Darasa la Tatu, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yamo maneno matatu: "Sauti haitoshi. Hajiamini." Niliyaandika nikiwa nimeketi nyuma ya darasa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinikaribia kidevu, na nilipokwisha kuyaandika niliona nimetimiza wajibu. Mwanachuo aliyehusika aliyasoma mchana ule, akatia saini mahali panapotakiwa, akasema, "Asante, Mkufunzi." Jioni wenzake walikuja kuniambia kwamba anafunga sanduku lake.

Hakuondoka. Mlezi wa bweni alikaa naye hadi taa zikazimwa, na asubuhi alikuwa katika mstari pamoja na wengine. Lakini kwa juma zima alifundisha akiwa ameukabili ubao, na watoto nyuma yake wakifanya walivyopenda. Mimi niliendelea kukaa nyuma na kalamu yangu. Maneno yangu yalikuwa ya kweli. Sauti yake kweli haikutosha. Jambo nisilolifikiri wakati ule ni kwamba kabla ya ukaguzi sauti hiyo ilikuwa ndogo, na baada ya ukaguzi haikuwapo kabisa.

Ndugu wanachuo, mmezoea kusoma katika kurasa hizi juu ya maandalio ya somo, zana na matumizi ya ubao. Naomba ruhusa mara hii niandike juu ya kitabu cha hadithi, tena hadithi ya uganga na mapenzi iliyoandikiwa vijana, kwa kuwa hicho ndicho kilichonirudisha kwenye ukurasa ule.

Nilikipata ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, kati ya kamusi iliyokatika mgongo na vitabu vitatu vya mapishi ya nchi za baridi. Jina lake ni Howl's Moving Castle, nasi chuoni tukazoea kukiita Ngome Itembeayo. Mwandishi wake ni Diana Wynne Jones, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2011, na kitabu chenyewe kilitolewa mwaka 1986. Wengine wenu yamkini mmeiona filamu ya Kijapani iliyotengenezwa na Hayao Miyazaki mwaka 2004. Filamu ile ni nzuri, lakini vita vimechukua nafasi kubwa ndani yake, na jambo ninalotaka kulizungumzia hapa limebaki dogo mno. Kwa hiyo aliyeiona asidhani kwamba amekwisha kukijua kitabu.

Mwanzoni mwa kitabu mwandishi anaeleza kwamba wazo lake lilitoka kwa mvulana mmoja katika shule aliyoitembelea, aliyemwomba aandike kitabu juu ya ngome itembeayo. Aliliandika jina la mtoto yule na kuliweka mahali pa salama, pa salama mno hata asilione tena. Mwalimu yeyote aliyepata kupoteza karatasi za mtihani kwa kuzihifadhi vizuri atamwelewa mara moja. Lakini tazameni: mtoto alitoa wazo, na mgeni aliyesimama mbele ya darasa akalichukua kwa uzito. Ni mara ngapi nasi tumeambiwa neno la namna hiyo na mtoto tukamjibu, "Kaa chini, tuendelee na somo"?

Mwandishi huyu alikuwa kifungua mimba wa mabinti watatu. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi ya elimu, na hapo nawaomba wanachuo mkae wima, maana baba yake alikuwa bahili wa vitabu kupita kiasi. Alinunua seti nzima ya hadithi za Arthur Ransome, kisha akawa anawapa mabinti wote watatu kitabu kimoja tu kila Krismasi. Diana, kwa njaa hiyo, akaanza kuandika hadithi zake mwenyewe ili awasomee wadogo zake. Hivyo hata watu wa elimu huweza kuwanyima watoto wao chakula kile kile wanachowagawia watoto wa wengine. Nami nalisema hili nikijua ni jioni ngapi nimesahihisha madaftari huku mwanangu akiniomba hadithi.

Sasa kisa chenyewe. Katika nchi ya Ingary kila mtu anajua kwamba mtoto wa kwanza kati ya watatu hana bahati. Akitoka kwenda kutafuta maisha, yeye ndiye atakayeshindwa mapema na kwa aibu zaidi. Hesabu hiyo si ngeni kwetu. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapishwa London mwaka 1870, wana sita wanashindwa kuulinda mtende wa baba yao, na wa saba, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, ndiye anayefaulu. Wakubwa katika hadithi hizi wana kazi moja tu, nayo ni kushindwa ili mdogo apate kung'ara. Mimi ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto sita. Tangu utotoni nilipokuwa nikisikia hadithi za namna hii niliwahurumia wale wakubwa, waliolala usingizi chini ya mti kwa sababu, nadhani, walikuwa wamechoka kwa kazi za mchana.

Sophie ndiye mkubwa wa nyumba yao, na amekwisha kuikubali hesabu hiyo. Baba anapofariki na kuacha madeni, wadogo zake wawili wanapelekwa kujifunza kazi, mmoja kwa mwokaji wa keki na mwingine kwa mganga, naye anabaki katika duka la kofia la nyumbani. Anashona kofia siku nzima peke yake, na kwa kuwa hana wa kuzungumza naye, anazungumza na kofia. Anaitazama moja na kuiambia kwamba ina moyo wa dhahabu. Nyingine anaiambia kwamba itaolewa na tajiri. Na mara mwanamke mmoja wa mji ule, aliyenunua kofia ya namna hiyo, anaondoka na bwana mwenye cheo kikubwa. Watu wanalikimbilia duka. Sophie mwenyewe hatambui lolote. Hajui kwamba amezaliwa na kipaji cha kukitia kitu uhai kwa maneno yake, kiasi kwamba akikisemesha kijiti kinakuwa fimbo ya uganga, na akiisemesha sanamu ya kutishia ndege shambani inaanza kuruka kwa mguu wake mmoja na kumfuata.

Nilipofika hapo, usiku, nikiwa kitandani na homa, nilikiweka kitabu kifuani. Msichana huyu huziambia kofia maneno mema siku nzima, na jioni hujiambia mwenyewe kwamba yeye si kitu. Na maneno yote ya kinywa kile yana nguvu ile ile, yale ya kofia na yale anayojiambia. Basi nikalikumbuka daftari langu.

Siwezi kusimulia kisa chote, kina sura 21, lakini yafaa mjue yanayofuata. Mchawi wa Nyika anaingia dukani na kumgeuza Sophie kuwa bibi kizee wa miaka kama tisini, tena anamfunga ulimi asiweze kumwambia mtu yaliyomkuta. Sophie anaondoka nyumbani. Na hapo panatokea jambo la kuchekesha na la kweli: msichana aliyekuwa akiogopa hata kuvuka barabara siku ya sikukuu, akiwa bibi kizee haogopi mtu. Anasema analolifikiri. Anakutana na ngome nyeusi inayotembea milimani ikitoa moshi, anaiamuru isimame, anaingia, anaketi karibu na moto, na asubuhi anajitangaza kuwa yeye ndiye mfanyakazi mpya wa usafi. Hakuna aliyemwajiri. Moto wenyewe ni jini aitwaye Calcifer, ambaye ameshikwa na mkataba na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ni Howl, kijana anayesifika nchi nzima kwa kula mioyo ya wasichana.

Kumbe Howl hali moyo wa mtu. Ni kijana mwenye maringo tu, anayekaa bafuni saa mbili kila siku. Sophie, katika kusafisha kwake, anachanganya dawa zake za nywele. Nywele zinatoka rangi asiyoitaka, naye anaketi kitini kwa huzuni hadi utelezi wa kijani unamtoka mwili mzima na kufurika sakafuni. Wanachuo walicheka kwa kitendo hiki hata mlinzi akaja dirishani kuuliza kulikoni. Lakini Howl huyo huyo ndiye aliyemkuta mlangoni pake yatima Michael, aliyefiwa na baba yake baharini na kufukuzwa nyumba kwa kukosa kodi. Hakumhubiria wala kumwahidi neno. Alimwambia aingie ndani, na tangu siku hiyo hakumwambia atoke. Wema wa Howl wote ni wa namna hii, wa kufanywa kwa kificho kana kwamba ni aibu, na Sophie anahitaji sura nyingi hadi auone.

Mkufunzi mwenzangu wa Hisabati aliniuliza, kwa mzaha wenye uzito ndani yake, kama chuo sasa kimekuwa mahali pa kufundishia mahaba. Nilimjibu kwamba wanachuo wetu ni vijana wa miaka kumi na tisa na ishirini, na habari hiyo waliipata kabla hawajafika kwetu. Zaidi ya hayo, sijui hadithi ya mapenzi iliyo salama kuliko hii. Humo hamna barua zenye manukato wala viapo chini ya mwezi. Hawa wawili wanagombana juu ya ufagio, ndoo na kazi iliyoachwa nusu. Kila mmoja anamwona mwenzake akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, yeye na utelezi wake, huyu na mikunjo yake ya uso. Na ni baada ya kuonana hivyo ndipo wanapopendana. Kijana anayejiandaa kwa kioo cha nusu saa kabla ya kwenda kumsalimia mwenziwe wa bweni la pili angefaidika. Kwa watoto wa shule nilifupisha: wakagombana, wakazoeana, wakaoana. Walicheka pale pale walipocheka wakubwa.

Nilikisimulia kwa Kiswahili kwa jioni nane, dakika ishirini kila jioni baada ya kujisomea. Nasema nilikisimulia, maana sikukitafsiri. Mchana nilisoma sura mbili au tatu, nikakifunga kitabu, na usiku nikasimama bila karatasi. Asiyeweza kuisimulia hadithi kitabu kikiwa kimefungwa bado hajaisoma vya kutosha, na hili nalishikilia ingawa najua wako wakufunzi wenye maoni mengine.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa lugha. Kiingereza kina neno moja kwa mtu kama Howl na neno jingine kwa yule mwanamke wa Nyika, na lile la kwanza halina ubaya ndani yake. Katika Kiswahili ukisema "mchawi" umekwisha kuhukumu. Nilijaribu kumwita Howl mwanamazingaombwe, akawa mtu wa kutoa sungura kwenye mfuko. Mwisho nikamwita mganga, kwa kuwa katika mji wa bandari wa Porthaven hutoa dawa na uganga wa upepo kwa mabaharia, wala si mkali wa kudai malipo. Mwanachuo mmoja kutoka pwani alinipinga vikali, akisema mganga wa kweli hatii rangi nywele. Tulibishana jioni nzima na hadithi haikusogea. Siijutii jioni ile. Darasa lililogombana juu ya maana ya neno moja kwa saa nzima halikupoteza wakati.

Na niongeze hapa, kwa kuwa wanachuo hawataniruhusu niliache, kwamba katika kisa hiki yumo mwalimu wa Kiingereza, Bibi Angorian, mpole na mrembo, anayefundisha huko Wales alikotoka Howl, na mwishoni anagunduliwa kuwa jini wa moto aliyejigeuza. Shangwe iliyopigwa ilikuwa kubwa kuliko nilivyopenda.

Baada ya jioni ya tatu niliwapa wanachuo zoezi la kwenda nalo katika shule ya mazoezi. Watoto watengeneze kofia za karatasi ya manila, kisha kila mmoja aiambie kofia yake maneno yatakayomfaa atakayeivaa. Nililiona zoezi zuri mno. Katika andalio la somo lilipendeza. Darasani, robo ya watoto waliziambia kofia zao yale wanayoambiwa wao: "Mvivu wewe." "Utarudia darasa." "Huna akili kama shangazi yako." Mvulana mmoja aliishika kofia yake kwa mikono miwili, kofia iliyokatwa vizuri kuliko zote, akaiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila huzuni, kwamba itakuwa ya mwisho. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alinitazama ili nimsaidie. Sikuwa na msaada. Tulikusanya kofia tukatoka.

Makosa yalikuwa yangu. Nilidhani kwamba maneno mema yako tayari kinywani mwa mtoto, yanangoja kofia tu. Nilirudi kwenye kitabu nikasoma upya sura ile ya duka, na hapo nikaona nililoliruka. Sophie hazisifu kofia ovyo. Huishika kofia, huitazama, tena kofia ya kawaida tu isiyo na uzuri wa kushangaza, na hutafuta ndani yake kitu cha kusema. Kila moja na lake. Mwalimu anayeliambia darasa zima "Vizuri sana, vizuri sana, mpigieni makofi" hajaitazama kofia hata moja. Mimi mwenyewe, katika juma lile la kujuta, nilimwambia yule mwanachuo wangu kwamba sauti yake inaendelea vizuri. Alinitazama kwa heshima na kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona. Sifa ya uwongo huijua hata mtoto wa chekechea, sembuse yeye.

Basi siku moja nikamtazama. Sikukaa nyuma ya darasa. Nilimtazama jikoni, zamu yake ya kupika, akiwasimulia wenzake jinsi bibi yake alivyomfukuza mgambo aliyekuja kudai mchango. Aliinama, akashika mwiko kama mkongojo, na sauti ikatoka, kubwa, ya kukwaruza, yenye kuamuru. Wapishi walikuwa wameshika mbavu.

Nikamwambia, "Kesho usifundishe wewe. Mwache bibi afundishe."

Alikuja na kanga mbili na mpini wa jembe. Somo lilikuwa kusikiliza na kusimulia, Darasa la Tatu lile lile, na hadithi ilikuwa ya Sophie anapogeuzwa kuwa kizee na kuondoka nyumbani. Aliingia ameinama, akapiga mpini sakafuni mara mbili, akasema, "Hadithi! Hadithi!" na darasa likaitikia kwa kishindo hata vumbi likatoka darini. Nilikaa pale nyuma nikasahau kufungua daftari. Aliuelekeza uso wake kwa watoto tangu mwanzo hadi mwisho. Alimgombeza mmoja kwa kukaa vibaya, akamwita mjukuu wangu, na mtoto akakaa sawasawa huku akitabasamu.

Kisha mtoto mmoja wa kike katika safu ya katikati akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, huyo bibi macho yake yalikuwa mekundu?"

Wanachuo mliokulia mbali na Kanda ya Ziwa huenda msione uzito wa swali hilo. Katika mikoa ya huku vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Watoto wote walinyamaza. Hawakuwa wakiuliza habari za Ingary. Nami katika maandalio yangu yote, katika kubishana kwangu kote juu ya mganga na mchawi, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja: kwamba ninawaletea watoto hawa hadithi ya mwanamke aliyeamka kizee, mpweke, asiyeweza kujieleza, anayebisha mlango kwa mlango. Nilianza kuinuka ili niliondoe swali. Nashukuru kwamba dawati lile lilikuwa dogo na magoti yangu yalikwama.

"Njoo utazame mwenyewe," alisema bibi.

Mtoto alisita. Bibi akamwita tena, taratibu, akiinamisha uso. Mtoto akaja hadi mbele, akamtazama machoni, na darasa zima likanyosha shingo.

"Mekundu kidogo," mtoto akasema.

"Mekundu kweli," akasema bibi. "Nimepika kwa kuni tangu mama yako hajazaliwa. Nani nyumbani kwenu anapika kwa kuni?"

Mikono ikainuka, karibu yote. Akawauliza mmoja mmoja macho ya mama yao yakoje jioni ugali ukiwa tayari, wakaanza kujibu, wengine kwa kicheko, wengine kwa sauti ndogo. Mvulana mmoja akasema bibi yake haoni vizuri na hutembea akishika ukuta, na kwamba wenzake humkimbia. "Wewe humshika mkono?" aliulizwa. Akasema wakati mwingine. "Basi leo mshike," akaambiwa, na hadithi ikaendelea na safari ya Sophie mlimani. Jambo lote lilichukua dakika tano. Halikuwamo katika andalio la somo, wala mimi nisingeweza kulifanya. Ningetoa hotuba juu ya imani potofu, na watoto wangeinama hadi niimalize.

Laiti mambo yangeishia hapo. Siku iliyofuata alifundisha bila kanga na sauti ikarudi shimoni. Siku ya pili akaomba ruhusa kuvaa kanga tena, na ya tatu, na ya nne, hata katika somo la Sayansi, ambako bibi kizee alieleza viungo vya mmea kwa ufasaha mkubwa huku akilalamikia kiuno. Watoto walimpenda. Mwalimu Mkuu wa shule ile, kwa upole, aliniuliza kama huo ndio mtindo mpya wa chuo.

Sikujua la kufanya, nami nilirudi tena kitabuni, ingawa sasa nilianza kujionea haya kwa kukitegemea. Karibu na mwisho Howl anamwambia Sophie kwamba alijua tangu zamani kuwa amerogwa. Alijaribu mara kadhaa, kwa siri, kumwondolea ule uganga wa uzee, na kila mara alishindwa, hata akafikia kuamini kwamba Sophie mwenyewe anapenda kujificha humo. Ndivyo ilivyokuwa. Mchawi aliuanza uzee ule, lakini kwa sehemu kubwa Sophie ndiye aliyeushikilia, kwa yale maneno yake ya kila siku kwamba yeye ni kizee asiyefaa. Na Howl, mwenye maneno mengi kuliko watu wote wa Ingary, katika jambo hili aliacha kuvuta. Alimwacha avae uzee wake muda aliouhitaji, akampa nyumba ya kusafisha na watu wa kugombana nao.

Hivyo nami nikamwacha. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba nachukua dhamana. Nilimpa mwanachuo wangu vipindi zaidi, wala si vichache, na vyote nikamruhusu avifundishe na kanga yake. Kwa wakaguzi wenzangu nilieleza kwa urefu, na mmoja wao hakukubali hata leo.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mazoezi, mwezi wa Oktoba, jua likiwaka juu ya bati na madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Somo lilikuwa Hisabati, kutoa kwa kukopa. Alianza ameinama na mpini wake, akaandika hesabu ya kwanza na ya pili. Katikati ya hesabu ya tatu alijifuta jasho, akaivua kanga ya kichwani akaitupa juu ya meza, kisha na ya mabegani, akasimama wima ili aifikie sehemu ya juu ya ubao. Aliendelea kufundisha. Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini, si kubwa sana, lakini ilinifikia nyuma pale na ikapita dirishani. Hakutambua. Nilitazama kama watoto wametambua. Wachache walitazamana, kisha wakarudi kwenye madaftari, maana hesabu zilikuwa ngumu.

Mpini ulianguka mwenyewe ukutani kengele ilipokaribia. Aliuokota akauegemeza bila kuutazama.

Nilifungua daftari langu nikaandika: "Hesabu ya tano ubaoni ina kosa kwenye makumi. Isahihishwe kesho." Aliisoma mchana ule, akacheka, akatia saini.